Vidokezo 8 vya Kuendesha Karakana Mafundi Wanapokuwa Haba

Mwenye karakana ya kuchomelea, useremala au usindikaji leo halalamikii wateja tu. Analalamikia na mafundi. Fundi mzuri akipata kibarua kwenye mradi mkubwa, ameondoka na ujuzi wake wote. Kijana uliyemlea akishaiva, anafungua karakana yake mtaa wa pili, na ni haki yake. Huku nyuma oda zinasubiri.

Mashine zinazojiendesha zinaweza kukuvusha hapo, hata kama timu yako ni ya watu watano, ilimradi uzilete kwa mpangilio. Shika jambo moja: saa za fundi wako ziende kwenye kazi anayoiweza yeye peke yake. Kazi zinazobaki zibebwe na mashine, pamoja na vijana wanaojifunza.

1. Anza na daftari

Kabla hujaenda dukani kuulizia bei, andika kwa wiki mbili fundi mkuu anafanya nini kila saa. Kwenye karakana ya mageti utaona kwamba kuchomelea kwenyewe kunachukua sehemu tu ya siku. Muda mwingine unakwenda kwenye kupima, kukata skwea paipu, kunyoosha fremu, kusaga kwa grenda na kutafuta spana. Wekea alama kila kazi inayojirudia vilevile, isiyohitaji uamuzi na inayokula muda. Hizo ndizo za mashine. Kazi ya kutazama ukuta uliopinda wa mteja na kuamua bawaba zikae wapi, mwachie fundi.

2. Jigi kwanza, mota baadaye

Jigi ni fremu ya kubania vipande ili kila kitu kitoke kwa kipimo kilekile. Unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya chuma. Chukua kiti cha shule: chomelea visimamishio kwenye meza ya chuma mahali miguu inapokaa, ongeza klampu mbili, basi. Kijana mgeni anapanga vipande, anabana, anashikiza pembe nne kwa vidoti vya moto, na fremu imekaa mraba bila kubahatisha. Fundi anakuja kumalizia maungio tu.

Faida ya pili utaiona baadaye. Mashine ya kawaida inayochomelea yenyewe haijui kama kipande kimesogea. Inachomelea pale ilipoelekezwa. Kwa hiyo jigi unayoitengeneza leo ni maandalizi ya mashine ya kesho.

3. Nusu otomatiki inatosha kabisa

Usifikirie roboti kwanza. Kwa mchomeleaji, hatua kubwa inaweza kuwa kutoka kwenye rodi kwenda MIG. Anayetumia rodi anasimama kila inapoisha, kisha anagonga ganda juu ya mshono. MIG inalisha waya yenyewe mfululizo, na mkono unabaki na kazi ya kuongoza tochi. Mwanagenzi huizoea mapema kuliko rodi. Ila kama inatumia gesi ya kinga, ifanyie kazi ndani, kwa sababu upepo huipeperusha gesi na mshono ukajaa vitundu. Kwa kazi za uwanjani bakiza rodi.

Msindikaji wa unga au viungo aanze na mizani inayojipimia na kumimina, na mashine ya kufunga pakiti kwa joto. Seremala aanze na kizuizi cha urefu kwenye msumeno: vipande hamsini vinakatwa kwa kipimo kimoja bila kushika futi tena.

4. Lipia huduma kabla ya kununua mashine

Mijini zipo karakana zenye mashine za kukata mbao au chuma kwa kompyuta zinazopokea kazi za watu. Peleka mchoro wako, zikukatie, ulipe kwa shiti au kwa muda. Ukifanya hivyo miezi michache utaujua wingi halisi wa kazi yako. Utajifunza pia kuchora kwa kompyuta na kupanga vipande vizuri kwenye shiti ya futi 4 kwa 8 ili mabaki yapungue. Kwa Tanzania, pita pia ofisi ya SIDO ya mkoa wako. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama chako, na kuuliza hakugharimu kitu.

5. Piga hesabu ya saa

Tuseme mashine ni shilingi milioni 12 na inamwokolea fundi saa 3 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi, hizo ni saa 72 kwa mwezi. Ikiwa kila saa yake inakuingizia faida ya shilingi 10,000, umepata 720,000. Toa 120,000 za umeme, vipuri na matengenezo, zinabaki 600,000. Mashine itarudisha fedha yake kwa miezi 20.

Hesabu hiyo inasimama tu kama oda za kujaza saa hizo zipo. Kama hazipo, saa zilizookolewa hazina thamani, na mkopo wa benki hautakusubiri. Tafuta oda kwanza.

6. Uliza kuhusu umeme, hewa na vipuri

Mashine inataka umeme wa njia moja au njia tatu? Kama ni njia tatu, fika TANESCO kabla ya kulipa malipo ya awali. Nunua na stabilaiza inayotosha, maana kompyuta za mashine hizi haziupendi umeme unaopanda na kushuka. Mashine ya plazma ya kukatia chuma inahitaji hewa kavu ya kompresa. Kwenye unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa weka chujio la maji na utoe maji ya tangi kila siku, la sivyo nozeli zitaungua haraka. Kwa mbao, weka kifyonza vumbi. Mwisho, mwambie muuzaji akuonyeshe nozeli, mkanda na beringi za akiba dukani kwake. Akisema ataagiza, mashine yako inaweza kulala wiki kadhaa.

7. Chagua inayojisimamisha

Mwaka 1924 Mjapani Sakichi Toyoda alikamilisha mashine ya kufuma iliyojisimamisha yenyewe uzi ukikatika. Kwa mashine hiyo hapakuwa na haja ya mtu kukodolea macho kila moja, na mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia nyingi kwa pamoja. Kipimo hicho bado ni kizuri. Mashine ya kujaza unga isimame mfuko usipokuwepo au unga ukiisha. Kama kuna mtu lazima asimame kuilinda muda wote, haijakupunguzia mtu. Hakikisha pia ina kinga za mikono na kitufe chekundu cha dharura panapofikika.

8. Mpandishe fundi wako

Mashine ni mali yako, lakini ujuzi wa kuipanga anao yeye. Andikeni pamoja vipimo anavyovijua kwa mkono: unene gani wa chuma, ampea ngapi, kasi gani. Vibandikwe ukutani karibu na mashine. Rekodi kwa simu namna anavyoiandaa asubuhi. Iambie timu mapema kwamba mashine inaletwa kupunguza mzigo, na usimamie neno lako. Aliyejifunzia kazini bila cheti, mpeleke VETA apimwe ujuzi wake na kutambuliwa rasmi.

Kisha mwongeze mshahara. Fundi aliyekuwa akikata mabomba kutwa sasa anaandaa mashine, anakagua ubora na kufundisha vijana watatu. Thamani yake imeongezeka, na asipoiona kwenye malipo yake ataipeleka kwa jirani. Anza wiki hii na kidokezo cha kwanza: daftari, kalamu na wiki mbili za kuangalia muda wa fundi wako unakwenda wapi.