SOMO LETU: MAJITAKA YA MJI NA MPUNGA WA MABOGINI

Mji wa Moshi uko juu mteremkoni. Mabogini iko chini, tambarare. Maji huteremka, hayapandi. Basi majitaka yanayopita katika mabomba ya mji huishia Mabogini, kwenye mabwawa ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi. Jirani kuna mashamba ya mpunga ya mradi wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani. Maji yanayotoka mabwawani wakulima huyatumia kumwagilia mpunga.

Wengine husema: "Pale hakuna mashine, maji yamekaa tu. Kuna kazi gani?" Kumbe kazi ipo, na wafanyakazi ni watatu: jua, vijidudu na siku.

Majitaka huingia bwawa la kwanza. Uchafu mzito na mayai ya minyoo huzama. Vijidudu hula uchafu ulioyeyuka. Katika mabwawa yanayofuata jua huotesha mwani, ndiyo sababu maji ni ya kijani. Mwani hutoa hewa ya oksijeni, na vijidudu vya kazi huihitaji. Mwishoni maji hukaa katika mabwawa yenye kina kifupi, na jua huua vijidudu vya magonjwa. Kazi hii haitaki haraka. Ukipunguza siku, umepunguza usafi.

Bila mabwawa, uchafu huo ungeingia mtoni, ukaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua wenzetu.

Mkulima anapata nini? Anapata maji, na ndani yake mbolea ya naitrojeni na fosforasi. Kwa hiyo apunguze mbolea ya dukani. Ikizidi, mpunga hunawiri majani halafu hulala.

Lakini tuangalie. Kiangazi maji ni haba, na mtu anaweza kushawishika kutoboa tuta achukue maji ya bwawa la kwanza. Huyo anapeleka minyoo shambani kwake na kwa jirani. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji ya kumwagilia yasizidi yai moja la minyoo katika lita moja.

Tufanye hivi:

1. Tutumie maji yaliyopita bwawa la mwisho tu.
2. Tuvae buti shambani. Safura hupenya ngozi ya mguu mtupu.
3. Tusimwagilie mboga za kachumbari. Mchele hupikwa, kachumbari huliwa mbichi.
4. Tunawe kwa sabuni kabla ya kula.
5. Ndugu zetu wa mjini wasitupe matambara wala mifuko chooni. Bomba likiziba, majitaka hufurika mitaani.

Maswali ya kikundi:

1. Kwa nini maji ya mabwawa ni ya kijani?
2. Jirani yako anatoboa tuta usiku. Utamwambia nini?