Ukiugua sonona chuoni Guangzhou: namna ya kuomba unafuu kwa walimu

Leo tunazungumzia jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hulificha: maradhi ya akili wakiwa masomoni.

Ukikosa usingizi, ukikosa hamu ya kula na ya kusoma, na moyo ukawa mzito kwa zaidi ya wiki mbili, huo si uvivu. Huenda ni sonona, na inatibika. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuitwa wendawazimu, kupoteza udhamini au kufutiwa kibali cha kuishi. Lakini kunyamaza ndiko kunakoleta hasara hiyo. Vyuo vingi vya China humzuia kufanya mtihani mwanafunzi aliyekosa theluthi ya vipindi. Anayejifungia chumbani bila kutoa taarifa huhesabiwa mtoro, si mgonjwa.

Nani anaamua?

Ndugu zetu walioko Marekani au Uingereza huenda ofisi ya chuo inayohudumia wenye ulemavu, nayo humwarifu mhadhiri unafuu wanaostahili. Hapa China mambo hupitia kwa fudaoyuan, yaani mlezi wa wanafunzi, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mhadhiri anaweza kukuonea huruma, lakini kwa kawaida hawezi kuahirisha mtihani peke yake. Anataka karatasi.

Fanya hivi:

1. Pata cheti cha hospitali. Mshauri nasaha wa chuo atakusikiliza, ila Sheria ya Afya ya Akili ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2013, haimruhusu kupima wala kutibu ugonjwa wa akili. Guangzhou kuna hospitali kongwe kuliko zote za magonjwa ya akili nchini China, iliyoanzishwa mwaka 1898 na daktari mmisionari wa Kimarekani, John Kerr. Leo ni Hospitali ya Ubongo ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Guangzhou, eneo la Fangcun. Chukua pasipoti, na uende na mtu unayemwamini anayejua Kichina.

2. Jua unachoomba. Qingjia ni ruhusa ya kukosa vipindi. Huankao ni kuahirisha mtihani, na huombwa kabla ya siku ya mtihani. Xiuxue ni kusimamisha masomo kwa muda.

3. Mwandikie mwalimu kwa ufupi na heshima. Mfano: "Mwalimu, shikamoo za heshima. Niko kwenye matibabu na daktari ameshauri nipumzike wiki mbili. Nimeshamwarifu mlezi wetu na cheti ninacho. Naomba kujua namna ya kufidia kazi nitakazokosa." Huna haja ya kumsimulia kila kitu. Sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mgonjwa na inataka taarifa zake zitunzwe kwa siri. Usiandike habari zako kwenye kundi la WeChat la darasa.

4. Usikimbilie xiuxue. Kibali chako cha kuishi kimefungamana na masomo, hivyo ukisimamisha masomo huenda ukalazimika kurudi nyumbani. Kabla ya kusaini chochote, iulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni mambo matatu: kibali kitakuwaje, udhamini utashikiliwa kwa muda gani, na posho itasimama lini. Omba majibu kwa maandishi.

Kwa wazazi na marafiki: kijana akianza kujitenga, msimwambie ajikaze tu. Maombi na maneno ya faraja yanasaidia, lakini hayachukui nafasi ya daktari. Mmoja wenu amsindikize hospitali.

Mtu akitaka kujidhuru, msimwache peke yake. Pigeni 120 kuita gari la wagonjwa. Ipo pia namba 12356 ya msaada wa kisaikolojia, inayotumika China nzima tangu mwaka 2025. Mpokeaji huenda akazungumza Kichina tu, hivyo awepo mkalimani karibu.

Shahada ikichelewa muhula mmoja bado ni shahada. Tunawatakia afya njema na masomo mema.