Fleti ya vyumba viwili Chake Chake: uliza kabla ya kulipa

Watumishi wanaohamishiwa Pemba, wafanyakazi wa miradi na wenyeji wanaorudi kutoka Muscat au Dubai huuliza mambo yale yale wanapotafuta nyumba. Haya hapa majibu.

Nataka fleti ya kifahari ya vyumba viwili na ukumbi. Nianzie wapi?

Chake Chake. Mji uko katikati ya kisiwa, karibu na uwanja wa ndege. Barabara ya kaskazini inakwenda Wete, ya kusini inashuka bandari ya Mkoani. Ila usitarajie majengo kama ya Fumba kule Unguja. Ulizia nyumba za ghorofa za watu binafsi, Machomanne, Gombani, Tibirinzi au Wawi. Mara nyingi mwenyewe anakaa chini na kukodisha juu, au yuko ng'ambo na funguo anazo ndugu yake.

Na zile nyumba za maendeleo za Madungu, hapo hapo Chake Chake?

Ni matunda ya mpango wa makaazi ulioanza enzi za Mzee Abeid Karume, baada ya Mapinduzi ya 1964. Zipo pia Mtemani, Wete. Zinasimamiwa na Shirika la Nyumba Zanzibar, kwa hiyo mtu akikwambia anakukodisha fleti humo, nenda kwanza ofisi ya Shirika ukaulize kama ana haki hiyo.

Nikague nini ndani?

Anza na maji. Fungua mifereji yote kwa pamoja, ya jikoni na ya vyooni, uone yanavyotoka. Uliza kama nyumba inategemea maji ya Mamlaka ya Maji (ZAWA) pekee au ina kisima, tangi lina ukubwa gani, na pampu imeungwa kwenye mita ya nani. Ikiwa kwenye mita yako, unawalipia na wa chini.

Umeme wa Pemba tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Ukikatika huko, huku kote giza. Basi uliza kuhusu jenereta au sola, hasa kama unataka viyoyozi. Hakikisha una mita yako ya Tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, na ujaribu kuingiza umeme kidogo mbele ya mwenye nyumba.

Kisha tazama juu. Mvua za masika hapa si za mchezo. Ukiona rangi mpya imepakwa kona moja tu ya dari, uliza kilichofichwa.

Dalali anataka kodi ya mwaka mzima leo leo. Nimpe?

Usimpe. Kodi apokee mwenye nyumba au wakili wake, baada ya mkataba kutiwa saini, na ipite benki au kwenye simu ili ushahidi ubaki. Kulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo ni jambo la kawaida, lakini omba uanze na mitatu. Mkataba utaje kiasi cha kodi, nani anatengeneza pampu na viyoyozi, na notisi ya kuhama ni ya muda gani. Udalali kubalianeni kabla hujaonyeshwa nyumba.

Sheha anahusika vipi?

Yeye ndiye kiongozi wa shehia, na ndiye anayejua nyumba ni ya nani. Nyingi ni za urithi: kaka mmoja anakodisha, baada ya miezi miwili dada zake wanakuja kudai fungu lao na wewe ndiye unayesumbuliwa. Mwone sheha kabla ya kutoa hata shilingi, muulize warithi ni nani, na mwombe ashuhudie mkataba. Ukishahamia, rudi ujiandikishe kama mkaazi wa shehia. Likizuka la kuzuka, pa kuanzia ni hapo hapo kwake.

Kwa kifupi, nichague ipi?

Yenye mita yake, tangi lake na mkataba wake. Ikikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, iache, hata kama marumaru zinang'aa.