Kuuhamishia Moyo wa Mwalimu kwenye Simu

Mwalimu alinijia na CD iliyofungwa ndani ya bahasha ya kaki, akaiweka mezani kwa uangalifu wa mtu anayekabidhi hati ya shamba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi, humu ndani mna moyo. Kwenye kompyuta ya shule ulikuwa unapiga. Kwenye simu haupigi."

Yalikuwa masomo ya sayansi ya shule ya msingi, yaliyochorwa zamani kwa Flash. Moyo unadunda, damu inapita, na ukipeleka kishale cha kipanya juu ya chumba chochote, jina lake linajitokeza. (Nikisema Flash simaanishi ile flashi ya kubebea faili, wala kule kuflash kwa Wakenya ambako sisi wa Tanzania Bara tunaita kubipu. Namaanisha teknolojia ya michoro inayocheza ndani ya kurasa za intaneti, iliyoanza mwaka 1996, ikapita mikononi mwa Macromedia na kuishia kwa Adobe.) Ili icheze, kivinjari kilihitaji programu-jalizi, yaani programu ya pembeni inayochomekwa ili kivinjari kifanye kazi ambayo chenyewe hakiiwezi.

Mwalimu alitaka nimtafutie programu-jalizi ya simu. Karibu kila mwenye masomo au michezo ya zamani huniletea ombi hilohilo, nami namjibu vilevile: usihangaike na simu, hangaika na faili.

Kwanza, acha kuitafuta

iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuwa na Flash, na wengi tulidhani itakuja tu. Tarehe 29 Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple akatoa barua ya wazi kueleza kwa nini haitakuja: inakula betri, inakwamakwama, ina mianya ya usalama, ni mali ya kampuni moja, na ilibuniwa kwa ajili ya kipanya, si kidole. Wapo waliomjibu kwamba mtu aliyelifunga duka lake la programu kwa kufuli hana mdomo wa kuhubiri uwazi, na kwa hilo sioni walipokosea. Lakini jibu zito zaidi lilitoka kwa walioikubali Flash. Mwezi Juni 2010 Adobe walitoa Flash Player 10.1 ya Android. Nilikuwa na simu moja iliyoiweza. Ukurasa wenye matangazo mawili yanayochezacheza ulitosha kuipasha moto kama chapati iliyotoka kikaangoni, na asilimia za betri zikawa zinashuka huku unazitazama. Novemba 2011 Adobe wenyewe wakatangaza kwamba wanaachana na Flash ya vivinjari vya simu, na Agosti 2012 ikaondolewa Google Play kwa wapakuaji wapya.

Kwenye kompyuta nako mambo yaliisha tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikawa inakataa kucheza chochote ndani ya kivinjari. Mwezi huohuo mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, ambayo baadhi ya fomu zake zilikuwa bado za Flash, ilibidi itoe kivinjari chake yenyewe ili walipakodi waendelee kuzijaza. Kama serikali nzima ilifikia kutengeneza kivinjari kwa sababu ya fomu, wewe na CD yako msione haya.

Kwa hiyo, ukurasa ukikuambia kwenye simu "Sasisha Flash Player", ufunge. Hakuna cha kusasisha. Anayekupa faili ya kusakinisha anakupa ama kirusi, ama toleo la kale ambalo mianya yake haizibwi tena na mtu yeyote.

Ijue faili uliyo nayo

Nakili CD nzima kwenye diski ya kompyuta kabla ya kugusa kitu. CD za zamani zina tabia ya kusomeka mara ya mwisho bila kukuaga.

Kisha angalia viambishi vya majina. Faili ya .fla ndiyo chanzo, yaani mchoro kabla haujafungwa; ukiipata, mshukuru aliyeihifadhi, maana programu ya Adobe Animate (ndiyo ileile ya kutengenezea Flash, iliyobadilishwa jina mwaka 2016) huifungua na inaweza kuibadili iwe ya HTML5, inayocheza kwenye kivinjari bila programu-jalizi. Faili ya .flv ni video tupu. Faili ya .exe kwenye CD za masomo mara nyingi ni somo lililofungwa pamoja na kichezeshi chake, na kwenye Windows huenda likacheza hadi leo. Inayobaki ni .swf, na hiyo ndiyo watu wengi wanayo.

Usipokuwa na hakika, ifungue faili kwa Notepad. Utaona takataka tupu za herufi, lakini tazama tatu za mwanzo. Zikiwa FWS, CWS au ZWS, ni Flash, jina lolote iliyopewa. FWS ni SWF iliyoandikwa kinyumenyume, na hizo mbili nyingine ni aina zilizobanwa. Faili ya moyo ilikuwa inaitwa "somo4" bila kiambishi chochote. Mtu alikuwa amekifuta akidhani anasafisha. Herufi tatu zikaniambia CWS. Nikairudishia .swf yake, ikatambulika.

Chagua njia kwa kazi, si kwa mapenzi

Jiulize swali moja: mtazamaji anafanya nini? Kama anatazama tu, igeuze iwe video. Kama anagusa, anachagua au anajibu maswali, una njia mbili, ama kuiendesha kwa Ruffle, ama kuichora upya.

Ya .flv ndiyo nyepesi kuliko zote. VLC inaicheza, na FFmpeg inaibadili iwe MP4 kwa amri moja. Hapo umemaliza.

Ruffle inahitaji maelezo. Ni programu huria inayoiga Flash Player, na haichomekwi kwenye simu ya mtazamaji. Inakaa kwenye tovuti yako na kuendeshwa na uwezo ambao kivinjari cha simu tayari kinao, ndani ya uzio wake wa usalama. Internet Archive waliitumia kuanzia Novemba 2020 kuhifadhi michezo na katuni za Flash, kwa hiyo si kitu cha kubahatisha. Kwenye tovuti ya Ruffle kuna ukurasa wa majaribio: chagua faili yako, uone inacheza au inakwama. Zilizoandikwa kwa ActionScript (lugha ya amri za Flash) ya kwanza na ya pili huwa hazisumbui sana. Zile za ya tatu zinahitaji subira, nyingine zinacheza na nyingine zinagoma.

Ikicheza, pakua kifurushi cha Ruffle cha kuweka kwenye tovuti, kifungue, weka folda yake kando ya ukurasa wako, kisha ongeza mstari mmoja wa script unaoiita ruffle.js. Itazitafuta faili za Flash ndani ya ukurasa na kuzichezesha yenyewe. Mambo mawili huwachanganya watu hapa. La kwanza, ukiufungua ukurasa moja kwa moja kutoka kwenye folda ya kompyuta, hautacheza. Lazima upitie seva. La pili, seva itambue faili za .wasm kwa aina yake, application/wasm. Baadhi ya wenye kukodisha nafasi za tovuti hawajaiweka hiyo, waombe.

Kwa moyo wa mwalimu, Ruffle ilikubali mara moja. Ukapiga! Mwalimu akacheka kwa sauti. Lakini sikuishia hapo, kwa sababu mbili. Ruffle yenyewe ina uzito wa megabaiti kadhaa kabla hujafika kwenye somo, na wanafunzi wake wanaazima simu za wazazi zenye bando la kuhesabu. Ya pili ni kidole. Majina ya vyumba yalikuwa yanatokea kishale kikipita juu. Kidole hakipiti juu, kinagusa au hakigusi. Ukigusa auriko ya kulia, jina linajitokeza palepale chini ya kidole chako, na unaloliona ni ukucha. Jobs alilisema hilo mwaka 2010, na hadi leo ndiyo hoja yake ninayoiona imesimama imara kuliko zote: hata simu ingekubali Flash, somo lililochorwa kwa kipanya bado lingekuwa somo la kipanya.

Mapigo yawe video

Sehemu ya kutazama tu niliirekodi kutoka kwenye skrini ya kompyuta kwa OBS Studio, programu ya bure, nikahifadhi kwa MP4 ya H.264. Simu nyingi sana zina sehemu maalumu ya kusoma aina hiyo ya video, kwa hiyo betri haiumii.

Kata kwa makini. Chukua mapigo mawili au matatu kamili, na fremu ya mwisho iungane na ya kwanza bila kuruka. Mara ya kwanza nilikata ovyo, moyo ukawa unashtuka kila baada ya sekunde mbili. Mwalimu akaniuliza, "Huyu mgonjwa ana tatizo gani?"

Kwenye lebo ya video andika maneno manne: autoplay, muted, loop na playsinline. Bila muted, simu itakataa kuianzisha yenyewe, kwa kuwa hakuna anayependa ukurasa unaopiga kelele kwenye daladala. Bila playsinline, iPhone inaweza kuivuta video ijae skrini nzima. Weka pia picha ya kusubiria, ile ya poster, na kitufe cha kuchezesha. iPhone ikiwa kwenye hali ya kuokoa chaji, video haijianzishi hata ukiibembeleza.

Utashawishika kutumia GIF. Usitumie. Ni ya mwaka 1987, ina rangi 256 kwa picha, na kwa mchoro mrefu hunenepa kupita MP4 mara nyingi. WhatsApp yenyewe ukiipa GIF huigeuza kuwa video kabla ya kuituma.

Majina yawe ya kuguswa

Mchoro wa vyumba vinne niliuchora upya kwa SVG, ambayo ni mistari inayoelezwa kwa maandishi. Ni nyepesi, na ukiikuza haipasuki. Kama huna chanzo, programu ya bure iitwayo JPEXS huifumua .swf na kukutolea maumbo, picha na sauti zilizomo. Itumie kwa kazi yako au ya mtu aliyekuruhusu. Mwalimu alikuwa na barua ya mchoraji, na niliisoma kabla sijaanza.

Eneo la kugusa lisipungue upana wa ncha ya kidole gumba, na jina litokee kando, mbali na kidole. Nililipeleka juu ya mchoro, mahali pamoja kila mara, ili mwanafunzi ajue pa kutazama.

Ukitaka kitu kijongee kwa CSS, kijongeze kwa transform na opacity. Ukibadilisha left, top au width, kivinjari kinalazimika kupanga ukurasa upya kwa kila fremu, na kwenye simu ya bei nafuu utaona mchoro unatetemeka. Ongeza pia sharti la prefers-reduced-motion. Wapo watu ambao vitu vinavyochezacheza huwatia kizunguzungu, na simu zao zimeshawekwa kusema hivyo. Zisikilize, waonyeshe picha iliyotulia.

Mwisho wa kazi, jaribu kwenye simu mbaya kuliko yako. Mimi nina moja yenye kioo kilichopasuka kona, ninayoiweka kwa kazi hiyo tu. Ipeleke juani, punguza mwanga, zima Wi-Fi, tumia bando, gusa kwa gumba la mkono mmoja. Fungua na kwa Opera Mini yenye hali ya kubana data, maana huko ukurasa unapikwa kwenye seva zao na kuletwa umeganda. Kama somo halieleweki likiwa limeganda, andika maelezo mafupi chini ya picha.

Mwalimu alirudi Jumamosi. Nikampa simu ile mbovu. Akaitazama video, akatikisa kichwa kuafiki. Akagusa auriko, jina likatokea juu. Akagusa ventriko. Akaivua miwani, akaivaa tena.

"Fundi, hii vali yako inafungukia wapi?"

Kwenye mchoro wangu mpya vali kati ya auriko na ventriko ya kushoto ilikuwa inafungukia juu, na damu inarudi ilikotoka. Nikabisha kidogo. Nikafungua ile nakala ya CD, nikaichezesha polepole, na tulikuwa wawili tukiikodolea macho: kwenye mchoro wa zamani vali ilikuwa inafungukia chini, kama inavyotakiwa.

"Basi keti urekebishe," akasema, akavuta kiti. "Nasubiri."