Matone ya rangi juu ya meza

Wanafunzi wawili wa darasa la tano walipewa kazi ya kupaka madirisha ya shule rangi nyeupe ya mafuta. Walisahau kufunika meza ya mwalimu. Meza hiyo ni ya mti wa mulombwa, nayo inang'aa kwa vernisi. Ilitengenezwa na babu ya mmoja wao, ambaye amekwisha kufa.

Kesho yake waliona matone matatu juu ya meza, yamekauka. Yule mjukuu akaogopa. Akatwaa kisu, akakwangua tone la kwanza upesi upesi. Rangi ilitoka, lakini vernisi ilitoka nayo, na mti ukapata jeraha. Mwenzake akamwambia: «Acha! Twende kwa fundi seremala, tumwambie kweli.»

Fundi akaja, akatazama, wala hakuwakaripia. Akasema: «Wanangu, vernisi ni kama ngozi ya meza. Inazuia maji na uchafu visiingie katika mti. Doa liko juu ya ngozi. Basi ondoeni doa, msichune ngozi.»

Akatia mafuta ya kitani juu ya tone la pili, akangoja mpaka rangi ikalegea. Kisha akachonga kijiti cha mwanzi, akakisukuma pole pole chini ya tone, akifuata nyuzi za mti. Rangi ikabanduka kama gamba la samaki. Mwisho akapangusa mahali pale kwa kitambaa laini, mafuta yasibaki.

Akampa mjukuu kijiti. Mtoto akafanya vivyo hivyo, bila haraka, na tone la tatu likaondoka.

«Na hili jeraha la kisu, baba?»

«Nitalipaka vernisi, lakini alama itaonekana. Doa linaondoka, mwanangu, kovu linabaki.»

Tukumbuke:

1. Rangi ikiwa mbichi, ipanguse mara moja. Rangi ya maji inatoka kwa kitambaa chenye maji kidogo. Rangi ya mafuta, kwa kitambaa chenye terebentini kidogo.
2. Jaribu dawa yo yote kwanza mahali pasipoonekana, kama chini ya meza. Usitumie alkoli: inayeyusha vernisi nyingine.
3. Usikwangue kwa kisu, wala usisugue kwa msasa.
4. Weka terebentini mbali na moto. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje wala kuvirundika: vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje, kimoja kimoja, vikauke.

Maulizo:

1. Watoto walisahau nini kabla ya kuanza kazi?
2. Vernisi inafanya kazi gani?
3. Kwa nini kijiti cha mwanzi ni chema kuliko kisu?
4. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani tuvifanyeje?
5. Eleza maneno ya fundi: «Doa linaondoka, kovu linabaki.»