Miji Mikubwa Isiyo na Majumba Marefu

Mtu atazamaye picha ya New York au Chicago huona majumba yamesongamana kama miti ya msituni, hata akadhani kwamba ukubwa wa mji hupimwa kwa urefu wa majumba yake. Kipimo hicho si cha kweli. Washington na Paris ni miji mikuu ya mataifa yenye mali nyingi, walakini mapaa yake karibu yote yalingana kimo.

Sababu yake ni sheria, wala si umaskini. Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani huko Ufaransa tangu 1785 hata 1789, alikuta Paris watu wamekatazwa kujenga kupita kimo kilichowekwa. Aliisifu amri hiyo, kwa kuwa barabara hupata mwanga na hewa, na moto huzimika kwa urahisi. Mwaka 1791 Rais George Washington akaamuru kuta za nyumba katika mji mkuu mpya zisizidi futi 40, lakini mwaka 1796 amri hiyo ikasimamishwa.

Mwaka 1894 likajengwa Washington jumba la kupangisha lililoitwa Cairo, lenye futi 164. Majirani walilalamika sana, maana ngazi za zimamoto hazikuweza kufika orofa za juu. Bunge likatunga sheria mwaka 1899, na nyingine mwaka 1910: kimo cha jumba kisipite upana wa barabara pamoja na futi 20. Barabara ikiwa na upana wa futi 90, jumba lisizidi futi 110. Hata penye barabara pana mno mwisho ni futi 130, isipokuwa sehemu ya Pennsylvania Avenue, ambako ni futi 160. Wengi husimulia kwamba shabaha ilikuwa kuba la Bunge lisifunikwe. Hadithi hiyo yapendeza, lakini hofu yenyewe ilikuwa moto.

Huko Paris, mnara wa Montparnasse, wenye mita zaidi ya 200, ulimalizika mwaka 1973 ukawachukiza wenyeji wengi. Mwaka 1977 kimo kikawekewa mpaka: mita 25 katikati ya mji, na 37 pembeni. Baadaye sheria ililegezwa mahali pengine, na mwaka 2023 baraza la mji likairudisha mita 37.

Wala mji wa namna hii hauna watu haba. Paris ina watu zaidi ya milioni mbili katika kilometa za mraba 105 tu, kwa kuwa nyumba za orofa sita au saba zimeshikana ukuta kwa ukuta.

Walakini uzuri huo una gharama. Mahali pakiwa pachache, kodi hupanda, na wenye mshahara mdogo hulazimika kukaa mbali na kazi zao. Maofisi marefu nayo yamehamia mpakani: La Défense, magharibi ya Paris, na Rosslyn, ng'ambo ya mto Potomac. Mwaka 2014 Bunge la Marekani lililegeza sheria kidogo, hata chumba cha juu ya paa, ambamo zamani viliwekwa vyombo vya lifti tu, sasa chaweza kukaliwa na watu.