Kuuza Vitu Uani: Maandalizi kwa Familia Zinazoishi Marekani

Familia ikihama, au watoto wakikua na kuacha vitanda vyao vidogo, nyumba hujaa vitu visivyo na kazi. Huku Marekani watu wengi huvipanga mbele ya nyumba Jumamosi asubuhi na kuwauzia majirani na wapita njia. Hakuna aibu katika jambo hili. Wenye kipato kizuri nao huja kununua. Mauzo maarufu kuliko yote, ya Barabara ya 127, yalianza mwaka 1987 kwa wazo lililotoka Kaunti ya Fentress, Tennessee. Siku hizi hufanyika kwa siku nne kila Agosti, na meza huenea maili 690 kutoka Addison, Michigan, hadi Gadsden, Alabama.

Mauzo ya uani kwako ni madogo, lakini yana sheria zake. Miji mingi hudai kibali na huweka kikomo cha mara ngapi nyumba moja inaweza kuuza kwa mwaka. Piga simu ofisi ya jiji mapema. Ukiwa umepanga, omba pia ruhusa ya mwenye nyumba au meneja wa jengo, na jibu lake liwe la maandishi, hata ujumbe wa simu.

Vitu vya watoto vichunguzwe kwanza

Hapa tunaomba usiwe na haraka. Bidhaa ikigundulika kuwa ya hatari na kuondolewa sokoni, sheria ya shirikisho ya mwaka 2008 inakataza kuiuza tena, na katazo hilo linamhusu hata anayeuza uani kwake. Kabla ya kuweka bei, tafuta jina na namba ya modeli ya kila kifaa cha mtoto katika tovuti ya Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC. Kama Kiingereza kinakusumbua, mwombe kijana wako akusomee.

Kitanda cha mtoto chenye ubavu unaoshuka kimekatazwa kuuzwa tangu Juni 2011, kwa sababu watoto walinaswa kati ya ubavu na godoro wakakosa hewa. Vilalio vya mteremko navyo ni hatari: mwaka 2019 Fisher-Price iliondoa sokoni takriban vilalio milioni 4.7 vya Rock 'n Play baada ya vifo vya watoto wachanga, na mwaka 2022 sheria ikapiga marufuku vilalio vya aina hiyo vyote. Hata kama wanao watatu walilalia kimoja salama, usimpe mama mwingine. Kivunje kabisa. Kiti cha mtoto cha kwenye gari kina tarehe ya mwisho iliyoandikwa mgongoni au chini yake. Kama imepita, au kiti kimewahi kuwa kwenye ajali, kata mikanda ndipo ukitupe, asije mtu akakiokota.

Maziwa ya kopo yaliyotolewa na WIC, mpango wa lishe kwa akina mama na watoto, hayauzwi, wala chakula kilichonunuliwa kwa msaada wa serikali, wala dawa za daktari. Kuuza vitu hivyo ni kosa linaloweza kukukosesha msaada wenyewe. Godoro lenye dalili ya kunguni nalo lisifike uani.

Pekua kila mfuko wa koti, droo, mkoba na kitabu. Familia nyingi huhifadhi fomu za I-94 za kuingia nchini na kadi za Social Security mahali pa ajabu, na kupata nyingine ni usumbufu. Simu na kompyuta zifutwe kabisa taarifa zako.

Bei na upangaji

Waliowahi kufungua robota la mitumba Kigoma, Bukavu au Nairobi wanajua nusu ya kazi hii: nguo iliyotundikwa hununuliwa, iliyorundikwa hupekuliwa tu. Fua, piga pasi, pangusa vumbi. Fanicha na vitu vikubwa vikae karibu na barabara ili mwenye gari avione. Vuta waya wa umeme hadi nje, mnunuzi aone blenda inazunguka.

Nusu ya pili ni tofauti na nyumbani. Bandika bei kwenye kila kitu, maana wanunuzi wengi wa huku huona haya kuuliza. Usipandishe bei mara tatu ukitarajia kushushwa, kwa kuwa mteja atakirudisha kitu mezani na kuondoka kimya. Kupatana kupo, ila ni kwa dola chache. Kwa maoni yetu, fanicha nzuri iuzwe karibu robo ya bei ya dukani, na nguo nyingi dola 1 au 2. Asubuhi shikilia bei, ikifika saa sita mchana legeza. Kukumbuka ulichotoa dukani hakusaidii, kwani lengo ni uani pabaki patupu. Ukiuza vitu vyako binafsi kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia, hudaiwi kodi ya mapato ya shirikisho.

Andaa chenji ya noti za dola 1 na 5. Fedha zishikwe na mtu mzima mmoja, kwenye pochi ya kiunoni, si kwenye sanduku juu ya meza. Noti ya dola 20 na kuendelea iinue kwenye mwanga: sura ya kivuli ndani ya karatasi ifanane na iliyochapwa. Anayelipa kwa simu asubiri hadi uone fedha kwenye simu yako. Funga milango ya nyumba, na mgeni asiingie ndani hata akiomba choo.

Mabango yaandikwe YARD SALE kwa herufi nene, pamoja na anwani, siku, saa na mshale. Miji mingi hukataza kuyabandika kwenye nguzo za umeme, hivyo yachomeke ardhini, tena kwa idhini ya mwenye eneo. Wanunuzi wa mwanzo hufika kabla ya saa mbili asubuhi. Meza ziwe tayari.

Vitakavyobaki vipeleke kwenye maduka ya hisani kama Goodwill au Salvation Army. Lakini kabla ya hapo uliza kanisani, msikitini au kwenye jumuiya kama kuna familia iliyofika karibuni. Sufuria, mablanketi na makoti ya baridi huwafaa sana. Mabango yang'oe jioni hiyohiyo, kwa sababu baadhi ya miji hutoza faini kwa yanayoachwa.